Mtoto analia jioni, bibi anasema maziwa ni maji: tufanye nini?

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni mvuvi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Mke wangu amejifungua mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, na sasa ana wiki nne. Mama yangu amekuja kutoka Kasulu kumlea mzazi, na tunamshukuru sana. Tatizo ni maziwa. Kila siku kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa nne usiku mtoto analia. Ananyonya, anaacha, analia, anataka tena. Mama alikamua kidogo kwenye kijiko akaniita nione: maziwa mepesi, rangi yake kama maji yaliyooshea mchele. Anasema hayo hayamshibishi mtoto wa kiume, na kwamba anyonyeshwe kila baada ya saa tatu ili titi lipate nafasi ya kujaa. Ameshampa maji ya sukari mara mbili. Sasa anataka tuanze uji mwepesi wa muhogo au nitafute maziwa ya ng'ombe. Mke wangu hasemi kitu, anatoa machozi tu. Chuchu ya kushoto imechubuka, akimnyonyesha upande huo anauma meno. Mtoto alizaliwa na kilo 3.1, siku ya saba alikuwa 2.95, juzi siku ya 28 kliniki wameandika 3.6. Nepi ndiyo usiseme, kamba ya nguo haina nafasi. Akitoka arobaini mke wangu atarudi kuuza mawese sokoni. Je, ni kweli maziwa hayatoshi? Na mimi nisiyenyonyesha nifanye nini? Wazee pia wamenionya tusije tukambemenda mtoto.

JIBU

Marahaba mwanangu, na hongereni kwa kupata kijana.

Maziwa yanatosha. Sisemi hivyo kukupoza moyo. Ushahidi umeuandika mwenyewe, tena kwa tarakimu. Mtoto mchanga hupungua uzito siku za mwanzo, na kupungua mpaka asilimia 7, hata kukaribia 10, hakutushtui sisi wakunga mradi arudie uzito wa kuzaliwa ndani ya wiki mbili hivi. Wako alishuka kutoka 3.1 hadi 2.95, yaani hajafika hata asilimia 5. Halafu kati ya siku ya saba na siku ya 28 ameongeza gramu 650. Gawanya kwa siku 21, unapata kama gramu 31 kwa siku. Sisi tunaridhika na gramu 20 hadi 30. Mtoto asiyeshiba haongezeki hivyo, na maji ya sukari aliyopewa mara mbili hayawezi kuleta uzito huo. Amekua kwa titi.

Ushahidi wa pili ni hiyo kamba ya nguo unayoilalamikia. Tangu siku ya tano kuendelea, mtoto anayepata maziwa ya kutosha hulowesha nepi sita au zaidi kwa siku moja, mchana na usiku, na mkojo wake ni mweupe, hauna harufu kali. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, au nepi zikiwa tatu tu kutwa nzima, hapo ndipo uwe na wasiwasi. Kwa hiyo nepi zikijaza kamba, usinung'unike, zihesabu.

Kilio si kipimo cha njaa. Mtoto wa wiki nne analia kwa joto, kwa kuchoka, kwa kutaka kushikwa, na wakati mwingine kwa sababu ambayo hata mimi siwezi kukutajia. Titi kuwa laini si kipimo pia. Wiki za kwanza matiti hujaa na kuwa mazito, kisha mwili wa mama unapozoea kiasi anachohitaji mtoto, yanalegea, na wazazi wengi wanadhani maziwa yamekauka. Kukamua kwenye kijiko nako hakupimi chochote, maana mkono hautoi maziwa kama mdomo wa mtoto unavyoyatoa.

Sasa hiyo rangi ya maji ya mchele. Mama yako hakuona vibaya, ni kweli maziwa yale yalikuwa mepesi. Maziwa yanayotoka titi likiwa limejaa huwa na mafuta kidogo, na kadiri mtoto anavyoendelea kulimaliza titi ndivyo mafuta yanavyoongezeka. Aliyekamua kijiko cha kwanza ameona mwanzo tu. Yale mazito ya manjano ya siku za kwanza, dang'a, yameshapita, na bibi akiyalinganisha na haya lazima aone yamepungua nguvu. Hayajapungua. Jambo la kufanya ni kumwacha mtoto amalize titi moja mwenyewe, alilegeze, ndipo apewe la pili. Msimhamishe baada ya dakika chache kwa kuangalia saa.

Na hiyo saa ndiyo naigombania. Kusubiri saa tatu ili titi lijae kunaleta kinyume cha anachotaka mama yako. Wewe unaishi karibu na mwalo, unajua mchuuzi anavyofanya: ndoo zikiisha mapema leo, kesho anachukua nyingi zaidi, na zikibaki, kesho anapunguza. Titi nalo hutengeneza kwa kufuata kilichotolewa. Likikaa limejaa kwa muda mrefu, mwili unapokea habari kwamba maziwa hayahitajiki na unapunguza kutengeneza. Mtoto wa umri huu anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na hata zaidi akitaka. Kila baada ya saa tatu ni mara nane kamili, yaani mko kwenye ukingo wa chini kabisa, na siku akilala kidogo tu mnashuka chini yake. Msingoje kilio. Akianza kugeuza kichwa kutafuta, kutia ngumi mdomoni, kulamba midomo, tayari ameomba. Akishafika kulia kwa nguvu, kumshikisha titi ni kazi ngumu.

Usiku anyonyeshwe vilevile. Homoni inayotengeneza maziwa, prolaktini, hupanda zaidi usiku, na anayekatisha kunyonyesha usiku ili "mama apumzike" anapunguza maziwa ya kesho. Kuna homoni nyingine, oksitosini, inayoyasukuma maziwa yatoke. Hiyo inachelewa mama akiwa na maumivu, hofu au aibu. Nitairudia nikifika kwenye machozi ya mke wako.

Kilio cha jioni ni hadithi ya watoto wengi duniani. Huanza kama wiki ya pili au ya tatu, hufika kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua, na wengi wakifika miezi mitatu huwa wametulia. Saa hizo mtoto hunyonya mfululizo, dakika kumi hapa, robo saa pale, na kesho yake maziwa huongezeka kwa sababu ya fujo hiyohiyo. Watu wanaiita mchango na kukimbilia mizizi, au dawa ya gesi ya chupa kutoka duka la dawa. Mimi sizipendi zote mbili kwa mtoto wa wiki nne. Mnyonyesheni, mwekeni begani acheue, mtembezeni, mvueni nguo zilizozidi. (Kigoma hii ya joto mnamfunika mtoto blanketi mbili na kofia, halafu mnashangaa analia.)

Kilichonishtua katika barua yako ni sentensi uliyoipitisha haraka: chuchu ya kushoto imechubuka na anauma meno. Hilo ndilo tatizo lenu hasa. Kunyonyesha kunaweza kuuma sekunde chache za mwanzo katika siku za kwanza, lakini maumivu yanayoendelea, tena wiki ya nne, na kidonda juu yake, yanasema mtoto ameshika chuchu peke yake badala ya kushika titi. Akishika chuchu tu anaisaga kati ya ulimi na kaakaa, maziwa yanatoka kidogo, anabaki kwenye titi muda mrefu bila kuridhika, na mama anaanza kukwepa upande huo. Upande unaokwepwa unapungua kweli. Mkiacha hivyo, baada ya wiki mbili bibi atakuwa sahihi, na hapo itakuwa kazi kumweleza.

Hapa wewe ndiye mwenye faida, kwa kuwa mama anayenyonyesha anaona kichwa cha mtoto kwa juu tu. Wewe ukikaa pembeni unaona kidevu na mdomo wa chini. Fanya hivi kesho asubuhi, mtoto akiwa hajalia.

Mke wako akae mgongo ukiwa na egemeo, mto au kanga iliyokunjwa chini ya mkono, asiinamie mtoto. Mtoto ageuzwe mzima amwelekee mama, tumbo kwa tumbo. Sikio, bega na nyonga viwe kwenye mstari mmoja. Akilala chali huku shingo imepinda, anameza kwa shida. Jaribu mwenyewe kunywa maji ukiangalia bega lako utaelewa. Pua yake iwe usawa wa chuchu, siyo mdomo. Mama aguse mdomo wa juu wa mtoto kwa chuchu, kisha asubiri. Kusubiri huku ndiko kunakowashinda wengi. Asubiri mpaka mtoto apanue kinywa kama anayepiga mwayo, kichwa kikienda nyuma kidogo, ndipo amsogeze haraka kwenye titi, kidevu kikitangulia. Mtoto ndiye anayeletwa kwenye titi. Mama asimfuate kwa kuinama. Mkono uwe nyuma ya mabega yake, usisukume kisogo, maana ukimsukuma kichwa atakaza shingo na kurudi nyuma.

Akishashika, wewe angalia mambo manne. Kinywa kiko wazi sana. Mdomo wa chini umegeukia nje. Kidevu kimegusa titi. Na ule weusi unaozunguka chuchu unaonekana zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Halafu sikiliza: mwanzoni huvuta harakaharaka, kisha maziwa yakishuka huvuta polepole na kwa kina, anatulia, unasikia anameza, anavuta tena. Mashavu yawe yamejaa. Yakibonyea ndani kila anapovuta, au ukisikia sauti kama ya kubusu, hajashika vizuri. Mama asivumilie. Aingize kidole kidogo kilichooshwa pembeni mwa mdomo wa mtoto ili aachie, aanze upya, hata mara tano. Akimaliza, tazameni chuchu: ikitoka imebanwa upande mmoja kama ncha ya kalamu, bado.

Kwa nini kushoto tu? Mara nyingi ni kwa sababu mama ana mkono mmoja mwepesi zaidi na mwingine mzito. Kwa titi la kushoto ajaribu mshiko wa kwapani: mtoto alazwe juu ya mto ubavuni mwa mama upande wa kushoto, miguu ikielekea mgongoni kwa mama, kichwa kikishikwa chini ya masikio kwa kiganja cha kushoto. Au walale kwa ubavu wakiangaliana. Mshiko ukibadilika, sehemu inayobanwa inabadilika na kidonda kinapata nafuu. Kwa siku mbili tatu aanze na titi la kulia, maziwa yakishaanza kutiririka amhamishie kushoto. Baada ya kunyonyesha apake tone la maziwa yake mwenyewe kwenye mchubuko, auache ukauke kwa hewa. Sabuni kwenye chuchu hapana, spiriti hapana, majivu ya dawa yoyote hapana. Kama uchungu ni mkubwa mno, akamue upande huo kwa mkono na kumpa mtoto kwa kikombe kidogo kisafi, kwa siku moja au mbili, lakini titi lisikae limejaa.

Mkifanya yote hayo na maumivu yasipungue ndani ya siku tatu, nendeni kituo cha afya mkaonyeshe titi na mdomo wa mtoto. Huenda ana utando mweupe wa fangasi usiofutika kwenye ulimi na mashavu, na hapo wanatibiwa mama na mtoto pamoja. Au ulimi wake umeshikwa na kijinyama chini hata haufiki mbele. Mwombeni muuguzi akae aangalie mtoto akinyonya mwanzo hadi mwisho, asiwape ushauri wa mlangoni. Mna haki ya kumwomba hivyo.

Kuhusu maji, uji na maziwa ya ng'ombe. Mtoto hahitaji maji mpaka afikishe miezi sita, hata jua la Kigoma liwe kali namna gani. Maziwa ya mama zaidi ya asilimia 85 ni maji, na kiu yake inakatwa na yale mepesi ya mwanzo mnayoyadharau. Tumbo la wiki nne likijazwa maji ya sukari, nafasi ya maziwa imechukuliwa na kitu kisicho na kinga wala protini, na titi limenyonywa mara moja pungufu. Halafu ni maji ya wapi? Sisi tunaokaa ufukweni tunakijua kipindupindu. Mwaka 2015 kilipoingia kijiji cha Kagunga wakati wa msongamano wa wakimbizi kutoka Burundi, ukanda wa ziwa ulikuwa na hofu. Mtoto anayenyonya titi tupu, yaani titi peke yake bila kitu kingine, hana mlango huo wa kuingizia vijidudu, na ukimpa kijiko kimoja cha maji umeufungua.

Uji wa muhogo ni wanga mtupu. Unamshibisha, ndiyo, na hapo ndipo ubaya ulipo: atalala kwa muda wa saa nne bila kunyonya. Maziwa ya ng'ombe yana protini na chumvi nyingi kuliko figo zake zinavyoweza kubeba, na madini ya chuma kidogo. Ya kopo yapo kwa ajili ya mtoto ambaye kweli hana njia nyingine, na yanataka maji yaliyochemka, vyombo safi kila mara, na kipimo kisichopunguzwa. Nimeona kopo la wiki moja likinyooshwa lifike wiki tatu, na mtoto akidhoofu huku nyumba nzima ikiamini anakunywa maziwa. Hela hiyo nunua migebuka na mboga za mke wako. Anahitaji kula zaidi kidogo kuliko alivyokuwa akila, mlo mmoja wa ziada kwa siku unatosha, na kunywa kila akisikia kiu. Mawese mekundu, yasiyochomwa mpaka yakawa meupe, yana vitamini A inayofika hadi kwenye maziwa yake, nanyi mnayo nyumbani. Vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki avimalize. Mtori na supu ni vizuri kwa mwili wake, lakini hakuna supu itakayofanya kazi ya mdomo wa mtoto.

(Mama anayeishi na VVU anayesoma hapa: ukitumia dawa zako kila siku na mtoto akapewa dawa ya kinga na kupimwa kwa ratiba, nawe unanyonyesha, titi tupu kwa miezi sita ya kwanza. Usianze kuchanganya na uji au maji kwa siri. Ongea na wauguzi wa CTC yako, kliniki ya matunzo na tiba ya VVU.)

Sasa mama yako. Yeye si adui wa titi, na usimpige na maneno yangu kama fimbo. Amelea watoto, anaogopa kumzika mjukuu, na wakati wake ushauri ulikuwa mwingine. Lakini maneno haya uyaseme wewe, mwanawe. Mkwe akimkatalia mama mkwe maji ya sukari, ni utovu wa adabu na kesi ya ukoo. Mtoto wake wa kumzaa akisema, ni mazungumzo. Mchukue pembeni, umwamkie vizuri, mwonyeshe kadi: "Mama, tazama, gramu 650 ndani ya wiki tatu." Siku ya kliniki nenda naye, asikie kwa muuguzi na aone mizani. Kisha mpe kazi ambayo hakuna mwingine anayeiweza. Amkande mzazi wake, ila maji ya moto yasichome matiti. Apike. Ampokee mtoto jioni akishanyonya, amwimbie, ambembeleze, ili mke wako aoge na alale. Wageni wanaokuja kumwona mtoto na kutoa maoni juu ya ukubwa wa matiti ya mzazi, yeye ndiye wa kuwakalisha barazani.

Na wewe. Kazi yenu ni ya usiku, najua, ila siku za mbalamwezi mitumbwi inapopumzika uko nyumbani. Siku hizo usiku uwe wako: mtoto akiamka mpelekee mama yake, akimaliza mpokee, mbadilishe nepi, mlaze. Vua shati umlaze kifuani kwako ngozi kwa ngozi, ufunike mgongo wake kwa kanga; watoto wengi hutulia hapo hata bila titi. Fua. Chota maji. Mletee mkeo kikombe cha maji kila anapokaa kunyonyesha. Ninyi mlioajiriwa, sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa baba likizo ya siku tatu zenye malipo, zichukuliwe ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe, inampa mama siku 84, au 100 kwa mapacha, na akirudi kazini anaruhusiwa kutoka kwenda kunyonyesha kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Wengi hawaziombi.

Machozi ya mke wako yaangalie kwa makini. Nilisema oksitosini inachelewa mama akiwa na maumivu au aibu. Kila akiambiwa maziwa yako ni maji, yanachelewa kushuka, mtoto anakasirika, na wote mnaona ushahidi kwamba maziwa hayapo. Mwambie namba za kadi. Mwambie mbele ya mama yako. Lakini huzuni ikizidi wiki mbili, akakosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, akakataa kula, au akasema mtoto angekuwa bora bila yeye, huo ni ugonjwa unaotibika. Mpeleke hospitali, usimpeleke kwanza kwa maombi wala kwa mganga.

Kubemenda. Umeuliza kwa kujificha na nitakujibu wazi. Tendo la ndoa haliharibu maziwa wala halidhoofishi mtoto. Hakuna njia mwilini ya hilo kutokea. Wazee waliona mtoto akidhoofu mama akipata mimba nyingine mapema na mkubwa kuachishwa titi ghafla, wakatafuta wa kumlaumu. Kinachodhoofisha ni mimba za kufuatana, njaa na maradhi. Mke wako akiwa amepona na ametaka mwenyewe, mnaweza kurudiana. Wengi husubiri wiki sita, baada ya kupimwa. Kunyonyesha kwenyewe kunazuia mimba kwa zaidi ya asilimia 98 ikiwa masharti matatu yote yapo: mtoto hajafika miezi sita, ananyonya titi tupu mchana na usiku, na mama hajaona siku zake. Sharti moja likivunjika, na uji wa muhogo unavunja mojawapo, hakuna kinga tena. Ongeeni kliniki mapema juu ya uzazi wa mpango unaofaa anayenyonyesha.

Soko la mawese. Kama anaweza kwenda na mtoto, aende naye. Wanawake wengi wanauza huku wananyonyesha, na hakuna la kuonea haya. Akimwacha, aanze kukamua wiki moja kabla ili mkono uzoee: aoshe mikono, aweke kidole gumba juu na vingine chini nyuma ya ule weusi, asukume kuelekea kifuani, abane, aachie, azungushe pande zote. Asivute chuchu. Chombo kiwe kimechemshwa, kiwe na kifuniko, kikae kivulini. Bila friji yatumike ndani ya saa nne, na siku za joto kali mapema zaidi; kwenye friji yanakaa hadi siku nne. Bibi ampe kwa kikombe, polepole, mtoto akiwa ameketishwa. Chupa ni ngumu kusafisha na inamfundisha kushika vingine. Na akirudi jioni matiti yamejaa, mtu asimwambie amwage kwa sababu "yamelala". Maziwa hayaharibiki ndani ya titi. Anyonyeshe palepale.

Kuna mambo ambayo hayasubiri jibu la mtu kama mimi. Titi likiwa na sehemu nyekundu, ngumu, yenye joto, na mama akapata homa na kutetemeka, aendelee kunyonyesha upande huo, aweke kitambaa chenye maji ya baridi akimaliza, na aende kituo cha afya siku hiyohiyo au kesho yake. Huenda akahitaji antibayotiki. Hapa kwetu kila homa inaitwa malaria. Apimwe malaria, ndiyo, lakini amwambie mhudumu kwamba ananyonyesha na amwonyeshe titi. Akikutwa na malaria atapewa dawa inayofaa anayenyonyesha, na aendelee kunyonyesha. Mtoto naye akikataa kunyonya, akiwa na joto la 37.5 au zaidi, au akiwa wa baridi na mlegevu, akihema harakaharaka mara 60 au zaidi kwa dakika, akidegedeka, akiwa na umanjano unaofika viganjani na nyayoni, au kitovu kikitoa usaha, msimpe chochote nyumbani. Bebeni, nendeni, hata ikiwa usiku wa manane.

Wiki ya sita atapata chanjo na atapimwa tena. Kwa mwendo huu natarajia karibu kilo 4. Mkikuta chini ya 3.8, usiandike barua: mwambieni muuguzi siku hiyohiyo, atazame mtoto akinyonya kabla hamjatoka hapo.